Soksi za Kituo cha Kilimani

Siku Wajerumani walipokuja kuichukua draya ya nywele ya shangazi Ragnfrid, mimi ndiye niliyekuwa chini yake. Nilikuwa na rola kichwa kizima, masikio yanawaka moto, na mota inanguruma kiasi kwamba sikusikia mlango ukifunguliwa. Niliona tu buti. Jozi mbili za buti nyeusi zenye matope, zimesimama juu ya zulia ambalo shangazi hakumruhusu hata mchungaji alikanyage.

Nikainua kichwa. Mmoja alikuwa luteni Brockhoff, mkuu wa kituo cha kilimani. Nyuma yake alisimama baharia mrefu, mwembamba, aliyeitwa Harms, amebeba kisanduku chenye waya wa duara juu yake, hedfoni masikioni, uso umekunjamana kama mtu anayeumwa jino.

"Zima!" luteni akasema, kwa Kinorwei chake cha kuokoteza.

Shangazi akazima. Uso wa Harms ukakunjuka.

"Washa!"

Shangazi akawasha. Uso ukakunjamana tena.

"Ndiyo hii," luteni akasema kwa furaha, kama mtu aliyeokota pete yake. "Mama, mashine yako inatuharibia kazi. Ndani ya mota kuna cheche, na zile cheche zinapiga kelele kwenye redio zetu."

"Mimi nitajuaje?" shangazi akajibu, mikono kiunoni. "Redio zetu mlizibeba wenyewe mwaka jana. Hapa kisiwani nani amebaki na redio ya kumwambia draya yangu inapiga kelele?"

Luteni akachomoa waya ukutani.

"Sasa huyu mtoto na nywele zake mbichi nimfanyeje?"

"Jua litamkausha," luteni akasema.

Sote tukatazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha, kama ilivyonyesha jana yake na juzi yake. Brattøya iko pwani ya magharibi ya Norwei, na ukifika mwezi wa kumi jua tunalisikia kwa jina tu. Nilimwona Harms akiuma mdomo ili asicheke. Kisha wakaibeba draya, lile kofia lake kubwa la chuma likiyumba juu ya mguu wake mrefu, wakaipandisha kilimani kama wanamsindikiza mgonjwa.

Huko kilimani ndiko kulikokwamisha ndoa yangu.

Mimi naitwa Oddlaug, na wakati huo nilikuwa nafunga samaki kwenye makopo pale kiwandani. Mchumba wangu alikuwa Sivert, mvuvi, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Tulikuwa tumekubaliana tangu kabla Wajerumani hawajaingia. Lakini harusi zote za Brattøya zilifanyika kwenye ukumbi wa kilimani, uliojengwa na watu wa kisiwa wenyewe, na Wajerumani walipofika waliuchukua ukumbi huo kwanza, kwa sababu hakuna pahali pa juu kuliko pale. Wakasimamisha milingoti ya antena, wakatoa mabenchi nje, wakaingiza meza na redio. Tangu hapo mabaharia walikaa mle kwa zamu, hedfoni masikioni, kazi yao kusikiliza bahari. Meli za Waingereza zikiitana, wao wanasikia. Misafara ikipeana habari, wao wanaandika na kuwatumia wakubwa wao, na wakubwa wanazituma nyambizi. Kisiwa kidogo hakina siri, wote tulijua.

Sivert alisema tuoane hata kwenye banda la nyavu. Mama yake, Alvilde, hakutaka kusikia.

"Marehemu baba yako aliigongomea ile sakafu kwa mikono yake," alimwambia mwanawe mbele yangu. "Mtacheza juu ya zile mbao, au hamchezi kabisa."

"Mama, Wajerumani wamekaa juu ya zile mbao."

"Wataondoka."

"Lini?"

"Hilo waulize wao. Mimi nimekwambia la kwangu."

Basi huyo ndiye mama mkwe wangu mtarajiwa. Mfupi, mnene, shungi limefungwa hadi kwenye nyusi, na akishasema jambo, umeshafungiwa mlango. Nilimwogopa. Kila nilipokwenda kwake alikagua vidole vyangu kama nimenawa.

Kwa hiyo hebu fikiria tulivyoshtuka, majuma machache baada ya draya kuchukuliwa, tuliposikia kwamba Alvilde amekwenda kuomba kazi kwa Wajerumani. Ujanani alikuwa mpishi wa familia moja Bremen na Kijerumani alikijua vizuri. Alipanda kilimani asubuhi, akaongea na luteni, na saa sita mchana alikuwa tayari ndani ya chumba cha chini cha ukumbi, anafua nguo za mabaharia.

Kisiwa kizima kilimgeuzia mgongo. Na si kwa mafumbo, migongo yenyewe. Torbjørg, mwenye duka, alimwona akiingia akaanza kupanga viberiti kwenye rafu mpaka Alvilde alipochoka kusubiri na kuondoka. Kanisani benchi lake lilibaki wazi pande zote mbili. Sivert alihamia kwenye mashua yake, akawa analala na kula humo.

"Mama amenivua nguo mbele za watu," aliniambia.

"Umemuuliza kwa nini?"

"Nimuulize nini? Kila mtu anaona."

Mimi nikaona hapana. Mwanamke aliyemkataza mwanawe asioe kwa sababu ya Wajerumani kukalia ukumbi, halafu anawafulia Wajerumani haohao? Kuna kitu hakikai sawa. Nikapika mchuzi wa kondoo na kabichi, nikafunika sufuria kwa kitambaa, nikapanda kilimani kumuuliza mwenyewe.

Mlinzi wa getini alinizuia. Nilipomtajia jina la Alvilde, nikamwonyesha kidole cha pete kumaanisha kwamba mimi ni mkwe wake, uso wake ulichanua. Alipandisha suruali kunionyesha soksi zake, akazipapasa, akafumba macho kama anayeonja asali. Kisha akanifungulia geti.

Chumba cha chini kilijaa mvuke. Mapipa mawili ya maji yalikuwa yanachemka, nguo zimetapakaa kila mahali, na katikati, imesimama kama malkia, draya ya shangazi Ragnfrid inanguruma. Soksi nzito za sufu zilikuwa zimetundikwa ndani ya kofia lake, zinapepea. Alvilde alikuwa anaimba wimbo wa kanisani.

"Mama!"

"Funga mlango, unaniingizia baridi."

"Hiyo si draya ya shangazi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Inafanya nini hapa?"

"Inakausha soksi. Mvua huioni? Nilimwambia luteni, bwana mkubwa, vijana wako miguu yao mibichi kila siku, watakohoa mpaka lini? Kule stoo kuna mashine imekaa bure. Akasema, chukua, mama, chukua, wala hakuuliza ni mashine gani. Mtu mwenye miguu ya baridi hafikiri mbali, mwanangu."

"Lakini mama, ile mota yake..."

"Mota yake imefanyaje?"

Alinitazama. Juu ya vichwa vyetu mtu akapiga ngumi mezani. Kisha kiti kikasogezwa kwa nguvu. Kisha sauti ya Kijerumani ikatoa maneno ambayo hata bila kujua lugha nilijua si ya kanisani.

"Unasikia?" mama mkwe akasema taratibu, huku anageuza soksi upande wa pili. "Wanasikiliza soksi zao."

Nilikaa juu ya kapu la nguo. "Watakuua."

"Inawezekana. Shika hapa, tukunje hili shuka." Tukalishika shuka pande mbili, tukalinyoosha. "Aslak wangu yuko wapi?" akauliza.

Aslak alikuwa kaka yake Sivert, mkubwa wake. "Baharini," nikasema.

"Baharini wapi?"

"Kwenye meli za mafuta. Kati ya Amerika na Uingereza."

"Haya. Hawa vijana hapo juu, wazuri tu, wana mama zao, wanamsikiliza mwanangu. Meli yake ikifungua mdomo, wanaandika. Mimi bunduki siiwezi. Kulala nimenyamaza nilijaribu miaka miwili, nikashindwa. Soksi naziweza."

"Na watu wanavyokusema?"

"Acha waseme! Siku Torbjørg atakaponisifu dukani, kesho yake nitapigwa risasi. Afadhali apange viberiti vyake."

Nilitaka kumkumbatia, lakini shuka lilikuwa katikati yetu, na kabla sijaliweka chini tulisikia hatua ngazini.

Akaingia Harms. Hedfoni zilikuwa shingoni, waya wake umening'inia hadi magotini, maana yake alikuwa ameuchomoa na kushuka mbio. Draya ilikuwa bado inanguruma. Hakukuwa na mahali pa kuificha; ilikuwa ndefu kumshinda Alvilde. Harms aliitazama. Akamtazama Alvilde. Akanitazama mimi, na nikajua amenikumbuka, yule msichana wa rola. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikaona kama nao utasikika redioni.

Harms alinyoosha mkono ndani ya lile kofia, akatoa jozi moja ya soksi. Akaipima kwa kiganja. Akakaa kwenye benchi, akavua buti polepole, akavua soksi zilizolowa, akavaa zile za moto. Kisha akaegemea ukuta, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu sana.

Draya tu ndiyo iliyokuwa inaongea.

Mwishowe akasimama, akavaa buti, akamwambia Alvilde maneno machache kwa Kijerumani. Alvilde akajibu neno moja. Harms akaniinamishia kichwa kwa heshima, akapanda ngazi.

"Amesema nini?" nikanong'ona.

Mama mkwe aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi mchana. "Amesema soksi za luteni zina tundu kwenye kidole gumba, nizishone."

"Basi?"

"Na amesema kesho asubuhi luteni anakwenda kiwandani na kile kisanduku kutafuta kelele. Kwa hiyo asubuhi nisiwe na haraka ya kukausha."

"Kwa nini amekwambia?"

"Sijui. Mtu akikupa kitu kama hicho, humhoji. Unasema asante. Nimesema asante." Kisha akaanza kucheka, kimya kimya, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka chini ya shungi, nami nikacheka, tukashikana mikono juu ya nguo za ndani za jeshi la majini la Ujerumani na kucheka mpaka mbavu zikatuuma. Kisha tukanywa mchuzi.

Usiku wa siku hiyo nilimwambia Sivert kwenye mashua, peke yake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakunja blanketi lake, akalitia kwapani, akaenda nyumbani kwa mama yake. Alikaa mezani, akapakuliwa viazi na sill, samaki wa chumvi, akala, akaongezewa, akala tena.

Majira yale ya baridi luteni Brockhoff alipata taabu, maskini. Aliamini kelele zinakuja kwa waya wa umeme kutoka kijijini, na kijiji hakuweza kukikatia umeme kwa sababu kiwanda kilisindika samaki wa jeshi lao wenyewe. Basi akawinda. Alichukua cherehani ya mwalimu. Alichukua mashine ya krimu ya Ingebrigt, na Ingebrigt akamwuliza kama atamchukua na ng'ombe. Siku moja alisimamisha mota zote za kiwanda, na bwana mmoja wa jeshi aliyesimamia samaki akaja kwa boti kutoka bara kumfokea mbele yetu sote, tukiwa tumesimama na aproni zetu, tunatazama dari. Alipanda nguzo. Alikagua hata kanisa, ile feni ya kupulizia kinanda. Kila alipokwenda na kisanduku, kelele zilikuwa zimelala. Kila aliporudi na kukaa, zikaamka. Akifika kituoni amelowa hadi magotini, nani anamngoja mlangoni na soksi za moto? Alvilde. Alimshukuru kama anamshukuru mama yake mzazi.

Mwezi wa nne akaja mkubwa wao, mzee mwenye nywele nyeupe na mistari ya dhahabu mikononi. Siku hiyo Alvilde aliacha soksi. Alitundika suruali za ndani, zile ndefu za sufu nzito, ambazo huchukua nusu ya siku kukauka. Sisi kijijini hatukuona kitu, lakini mama mkwe alisikia yote kupitia dari. Mzee alikaa, akavaa hedfoni, pakawa kimya. Kisha hedfoni zikarushwa. Kisha mzee akauliza kama hiki ni kituo cha redio au ni kinu cha kusaga. Luteni akajaribu kueleza habari za cherehani na kinanda cha kanisa, na kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kupaza sauti.

Amri ikatoka: kituo kihamie Ytterholmen. Ni jabali tupu nje ya visiwa vyote, halina mti wala umeme, na ndege wa huko wanamtapikia mgeni. Watatumia betri. Mwezi wa tano milingoti ikashushwa, wakapakia boti. Nilisikia baadaye kwamba huko ukungu na chumvi viliwala vyombo vyao, na kwamba mabaharia walilalamika zaidi kuhusu miguu kuliko kitu kingine chochote.

Luteni alimwomba Alvilde waende pamoja.

"Bwana mkubwa," Alvilde akamwambia, mjane wa mvuvi, binti wa mvuvi, aliyezaliwa karibu ndani ya mashua, "mimi bahari inanichefua sana."

Luteni akampa pole, akamshika mkono. Harms alipita nyuma yake amebeba kisanduku. Hakusimama. Alikanyaga kwa nguvu tu mara mbili na buti zake, kama mtu anayeonyesha miguu i mizima, akashuka bandarini.

Alvilde hakupoteza wakati. Mchana huohuo aliipakia draya kwenye toroli akaishusha kilimani, katikati ya barabara, akapita nayo mbele ya duka, kanisa na kiwanda, hadi mlangoni kwa shangazi Ragnfrid. Mimi nilikuwapo. Shangazi alitoka, akaitazama draya yake kwa upendo, akaingiza kichwa ndani ya kofia, akakitoa haraka.

"Alvilde! Hii imekausha nini?"

"Nywele."

"Nywele za nani? Za beberu?"

Alvilde alisimama tu na toroli lake, uso mkavu. Shangazi akanusa tena. Akatazama kilimani, mahali milingoti ilipokuwa. Akatazama draya. Akamtazama Alvilde. Niliona jambo lile likimwingia kichwani hatua kwa hatua, macho yanapanuka, na mwishowe akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akacheka hadi akakaa chini kizingitini. Hakusema neno. Wajerumani walikuwa bado wako bara, na maneno yana miguu. Lakini kicheko chake kilisikika mpaka bandarini.

Asubuhi iliyofuata kwenye ngazi za Alvilde palikuwa na mayai ndani ya kofia ya mtu. Kisha ikaja siagi. Kisha paja la kondoo, limefungwa kwa gazeti, halina jina. Hakuna aliyegonga mlango. Jioni akaja Torbjørg mwenyewe, amebeba kahawa ya kweli, si ile ya shayiri tuliyokunywa miaka yote ya vita. Akaiweka mezani.

"Nimeikuta imejificha nyuma ya rafu," akasema, anatazama sakafu.

"Imejificha vizuri," mama mkwe akasema. "Nyuma ya viberiti, nadhani."

Torbjørg akawa mwekundu hadi shingoni.

"Haya, kaa basi tuinywe. Utasimama mpaka lini?"

Aslak alirudi mwaka vita vilipokwisha, mnene, na jino la dhahabu. Kama soksi zile ziliisaidia meli yake hata siku moja, hakuna ajuaye, na mama mkwe hakudai. Alisema tu kwamba amenenepa vibaya, akampikia.

Lakini harusi haikumngoja. Tulioana Pentekoste hiyohiyo, kituo kilipokuwa hakijamaliza majuma matatu tangu kihame. Wanawake wa kiwandani waliisugua sakafu ya ukumbi kwa mchanga na maji hadi mbao zikawa nyeupe. Wanaume waliziba matundu ya waya, wakarudisha mabenchi. Palikuwa na uji wa krimu wenye siagi inayoelea juu, nyama ya kondoo ya chumvi, mikate myembamba ya viazi, na watu waliokuja kwa mashua kutoka visiwa ambavyo sikujua kama tuna ndugu huko. Siku ile, sijui nani aliomba, jua lilitoka asubuhi na halikuingia tena mawinguni.

Ingebrigt alipiga fidla yake amesimama juu ya benchi, na mguu wake ulipokanyaga, vioo vya madirisha vililia. Shangazi Ragnfrid alicheza na mchungaji, akampoteza, akampata tena. Sivert wangu, mtu asiyecheza, alicheza. Alinikanyaga, akaomba radhi, akanikanyaga tena.

Ndipo mama mkwe alipopenya katikati ya watu. Alikuwa amefungua shungi. Sikuwahi kuona nywele zake. Zilikuwa za kijivu, nzito, zimesukwa mkia mmoja hadi kiunoni. Akamsukuma mwanawe kando kwa kiwiko.

"Ondoka, utakuwa naye maisha yako yote," alimwambia. "Oddlaug, mwanangu, njoo nikufundishe. Baba yake Sivert naye alikuwa mguu wa mbao hivihivi, na nilimfundisha hapahapa."

Akanishika kiunoni, imara kama mwanamume, Ingebrigt akaongeza mwendo, tukazunguka.